Irabu ya Sita

Sista Fiorenza,
umeniuliza upakie nini.
Dawa, umeandika, na vitabu vya watoto,
na sanamu ya Bikira iliyoviringishwa soksi za sufu isivunjike.
Soksi ziache. Hapa Caazapá joto hulala nasi kitanda kimoja.
Mengine pakia upendavyo.
Mimi nina habari ya maji.

Maji, kwa Kiguarani, ni irabu moja tu.
Haina konsonanti ya kuegemea.
Midomo hujipanga kusema i, koo linataka u,
na sauti yenyewe hupenya katikati
kama paka miguuni mwa wageni.
Sisi watu wa Belluno hatukuzaliwa nayo.

Nikajitegemeza kwa Kihispania, binamu wa Kiitaliano chetu.
Wenyeji wakanijibu kwa adabu,
kwa Kihispania cha polisi na cha karatasi za ardhi.
Kuapa, kuita ng'ombe, kubembeleza mtoto, kulia msiba,
walikuwa na lugha nyingine,
nami nikaiona kelele za uani.

Mwaka wa pili, Agosti,
upepo wa kaskazini ukipeperusha vumbi jekundu,
niliitwa kwa Don Ceferino.
Mbavu zilihesabika. Alifumbua mdomo, akatoa sauti.
Nikadhani anaguna. Nikamshika mkono.
Akaitoa tena.
Nikafungua kitabu, nikasoma sala za wanaokufa,
zote, bila kuruka mstari,
na kila nilipovuta pumzi nilisikia ule mguno.

Rumilda, mjukuu wake, miaka sita,
akaingia na kikombe cha bati.
Hakumwomba mtu ruhusa.
Akamwinua babu yake kichwa.

Maji, Fiorenza.
Nusu saa mtu ananiomba maji
kwa neno zima, lisilo na kosa,
nami namsomea.

Sikuanza kwa padri kuungama.
Nilikwenda kwa Ña Eusebia, mwoka chipa,
nikamwambia, nifundishe.
Akasema njoo saa tisa za usiku, ndipo ninapokanda.
Wanga wa muhogo, jibini, mayai, mafuta ya nguruwe;
alinishika taya kwa vidole vyenye unga
akanivuta midomo kama anayefungua mfuko.
Wiki tatu nilimwomba maji
akaniletea chumvi, akaniletea ufagio,
siku moja akaniletea kuku, hai,
akicheka mpaka akakaa chini.

Halafu kuna sisi.
Kwao ziko sisi mbili:
ñande, inayokuchukua na wewe unayesikiliza,
na ore, inayokuacha mlangoni.
Ulipotimia mwaka wa Ceferino nilisimama mbele ya watu,
mara ya kwanza bila karatasi,
nikasema Mungu anatupenda.
Ñandejára orerayhu.
Kimya. Mtu akakohoa.
Rumilda akauliza kwa sauti:
"Nyinyi na nani?"

Sisi bila ninyi, ndivyo nilivyosema.
Sisi wenye viatu, wenye jenereta, wenye pasipoti.
Nikajiuliza ni mara ngapi tumeyasema hayo
pasipo hata kukosea sarufi.

Ña Eusebia alinisahihisha palepale, mbele ya wote,
kama anayemfuta mtoto kamasi.
Ñanderayhu, akasema.
Ñanderayhu, nikasema.
Wakaitikia, na terere ikazunguka,
na zamu yangu ya bombilya ilipofika
hakuna aliyeifuta kwanza.

Sikuahidi kwamba utaiweza.
Miaka kumi na minane, na watoto bado huniiga njiani.
Lakini njoo na mdomo ulio tayari kuchekwa,
na usinunue kamusi; ya hapa iliyopo imeliwa na mchwa
kuanzia herufi M.

Jana nilipita kwa mama nisiyemjua, nyuma ya kiwanda cha sukari.
Nikamwomba maji.
Akanitazama kidogo.
Akaingia ndani,
akatoka na maji.